Mbuzi ya Bibi

Nikisema mimi ni mtoa tiba kwa vitendo, kila mtu husikia la kwake. Jirani niliyemwambia "tiba kazi" aliniletea bahasha ya vyeti vya mwanawe, akijua nagawa ajira. Baba mkwe yeye kaamua mimi mkandaji. Hata msibani huninyooshea goti.

Nilisoma miaka mitatu Moshi, pale KCMC, mambo ambayo mtu mzima huona haya kuyauliza: kufunga kifungo kwa mkono mmoja, kugeuka kitandani, kujisafisha chooni. Aliyepata kiharusi huanza kuvisha mkono uliolegea. Akivua, huo ndio wa mwisho kutoka. Dawa yangu ndiyo hiyo. Haina sindano, kwa hiyo ndugu wa mgonjwa hawaiamini.

Huko Tanga nilimkuta bibi mmoja kaegemezwa mito kama bi harusi, mkono wa kushoto umelegea, wake za wanawe wanamlisha kwa zamu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Na wewe umekuja na kijiko?"

Nikamuuliza anatamani kufanya nini kwa mikono yake. Hakusita: kukuna nazi. Wake za wanawe wakanitazama kama niliyempeleka mgonjwa machimboni.

Mbuzi ikaletwa. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: mkono dhaifu ushikilie kifuu, wenye nguvu ukizungushe. Kosa langu ni kusema, "Ngoja kwanza nikuonyeshe." Sikuwahi kukuna nazi maishani. Mtihani wa Moshi haukuwa na nazi.

"Mbona unaipanda kama bodaboda?" Bibi akauliza.

Nikakuna mara mbili. Ya tatu kifuu kikateleza, kidole gumba kikaendelea na kazi peke yake.

Bibi hakumngoja mtu. Akachana ukanda wa kanga kuukuu kwa meno na mkono wa kulia, akanizungushia. Ule wa kushoto, ambao asubuhi nimeuandika kwenye jalada kuwa hautumiki, ukabana ncha ya kitambaa mpaka fundo likakaza. Nikaacha kugugumia nikaanza kuhesabu sekunde.

Usiku, gesti, nilivua shati kwa kuanzia mkono mbovu. Nikakwama, kichwa ndani, kiwiko juu, simu inaita kitandani. Nikaibonyeza kwa pua.

"Mjukuu wangu," Bibi akasema, "umeshafanya mazoezi?"