Bando Langu Limekwenda Mwezini

Sina ugomvi na Mwezi. Ugomvi wangu ni na anayekwenda huko kwa bando langu.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa Mwanjelwa, Mbeya, amekuja kwangu hapa Iringa kumalizia likizo ya chuo. Kaja na begi moja la nguo na kompyuta isiyozimwa. Asubuhi ananipa shikamoo bila kugeuza shingo, maana roketi yake iko hewani. Gemu lenyewe linaitwa Kerbal Space Program, limebuniwa Mexico, na ndani yake kuna vijitu vya kijani, macho yamewatoka, kazi yao kupanda roketi anazounda yeye na kulipuka nazo. Niliposikia mlipuko wa kwanza nilikimbilia chumbani na mwiko mkononi. "Usijali Mjomba, nimesahau parachuti tu." Parachuti anaisahau sana. Kujiunga na simu yangu hasahau.

Angekuwa anapoteza muda, ningekuwa na la kumwambia mama yake. Tatizo anajifunza. Juzi tunatoka Mafinga, basi limeganda nyuma ya lori la mbao, abiria wanasonya, yeye akasema kwa sauti, "Mjomba, ingekuwa kwenye obiti, dereva angepunguza mwendo ndipo alipite hili lori." Konda akageuka. Kijana hakuona haya, akatoa darasa palepale: chombo kikipunguza mwendo huko juu kinashuka karibu na Dunia, njia ya chini ni fupi na mzunguko wake ni wa haraka, basi kinampita aliyetangulia, kisha kinapanda tena. Konda akauliza kama na huko kuna trafiki wenye tochi.

Mimi fizikia nilisoma. Mwalimu alichora duara ubaoni, akaandika kanuni, tukanakili, kengele ikalia. Huyu kaunguza vyombo visivyo na idadi, na kila kimoja anajua kimeungua kwa nini.

Sasa kaamua Mbeya inafaa kurushia roketi. Ana sababu. Dunia inajizungusha kuelekea mashariki, na huku karibu na ikweta ardhi inakwenda zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa, kwa hiyo roketi inayoelekea mashariki inapata msukumo wa bure. Waitaliano walilijua hilo zamani, wakasimika jukwaa lao la San Marco baharini karibu na Malindi, na tarehe 12 Desemba 1970, Wakenya wakiadhimisha uhuru wao, ikarushwa kutoka hapo setilaiti ya Marekani iliyopewa jina la Uhuru. Lakini Malindi mashariki yake ni bahari, vipande vya roketi vikidondoka vinawapata samaki. Nikamwuliza, mashariki ya Mbeya kuna nini? Akafungua ramani, akapima na kidole, akanyamaza. Makambako. Nimemkataza kulitaja jambo hili mbele ya shemeji yangu, ana gesti pale.

Wakubwa nao wamejaribu kufundisha kwa njia hii. Mwaka 2010 NASA walitoa gemu la bure la kucheza mtandaoni, Moonbase Alpha. Mnaingia hadi watu sita, kimondo kinapiga kituo chenu cha Mwezini, oksijeni inakatika, mnatakiwa mshirikiane kutengeneza mitambo. Watu wakagundua kwamba maneno wanayoandikiana yanasomwa kwa sauti na mashine. Oksijeni ikasahaulika, wakashindana kuiimbisha mashine upuuzi. Habari hiyo ilinifariji sana. Kumbe wapwa wako kila mahali.

Lililonichoma ni la EVE Online, gemu la vita vya angani la huko Iceland. Mwaka 2017 waliwapa wachezaji data halisi za darubini ya angani ya CoRoT. Unaangalia mchoro wa mwanga wa nyota: ukishuka kidogo, ukarudi, ukashuka tena baada ya muda uleule, huenda kuna sayari inakatiza mbele ya nyota hiyo. Mpwa wangu alinieleza haya kwa video tatu, bando likiteketea, utadhani ni siri ya Ulaya.

Nikamwambia asikilize. Tarehe 1 Septemba 2016, pale Rujewa, wilaya ya Mbarali, mkoa huohuo wa mama yako, Mwezi ulikatiza mbele ya Jua kuelekea saa sita mchana. Watu walifurika, wengine wametoka nchi za mbali. Siku ile Mwezi ulikuwa mbali nasi kidogo, haukuweza kulifunika Jua lote, likabaki pete inayowaka. Mwanga ukapungua, ukarudi. Ndiyo hiyohiyo habari ya nyota na sayari zenu, tena haikuhitaji bando. Wewe ulikuwa wapi?

"Darasani, Mjomba. Mwalimu alitufungia madirisha tusije tukapofuka."

Nilikosa la kusema. Macho ya watoto yanalindwa, sawa, lakini miwani maalumu ilikuwepo, na hata tundu la sindano kwenye karatasi ngumu lingewaangushia picha ya Jua sakafuni. Mtoto akifungiwa dirisha ataitafuta mbingu kwenye kompyuta, na bili atapelekewa mjomba.

Bado kuna kimondo cha Mbozi. Tani zaidi ya kumi, karibu chote chuma, kimelala kijiji cha Ndolezi, ukitoka Mbeya kuelekea Tunduma. Mpwa wangu anakijua kwa uzito na kwa picha, ila hajawahi kukigusa.

Kwa hiyo, msomaji wangu uliyeko Vwawa, hukohuko Mbozi, kama una kitanda cha ziada, nipokelee huyu kijana wiki ijayo. Nauli nitalipa, na chakula nitachangia. Kompyuta itabaki Iringa.