Shajara ya Shabaha, Wote hadi Mutomo

Ijumaa, 2 Agosti 2024, Wote

Shule imefungwa. Nimemaliza kusahihisha karatasi 143 za hesabu. Katika swali la pembetatu, wanafunzi 9 wamepata pembe moja yenye nyuzi 400. Nimewapa alama moja kwa kuandika jina.

Jioni nimetazama tena yule Mturuki, Yusuf Dikeç, aliyepata medali ya fedha kwenye Olimpiki ya Paris juzi Jumanne kwa bastola ya hewa, mkono mmoja mfukoni kama mtu anayesubiri matatu. Ana miaka 51. Mimi nina 49. Nikamwambia mke wangu kwamba likizo hii nitajifunza kulenga shabaha ya mbali. Akauliza kama bawaba ya mlango wa jikoni imeshatengenezwa.

Jumamosi, 3 Agosti

Nilichotaka hasa ni bunduki. Nina kitabu nilichonunua kando ya barabara Nairobi, kilichoandikwa na mwanajeshi mstaafu wa Uingereza, kinachofundisha namna ya kupiga shabaha iliyo yadi 1,000. Nimekisoma mara 2. Tatizo ni kwamba Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haimruhusu mtu kumiliki bunduki bila cheti, na sababu yangu ya kuomba cheti ni Mturuki.

Nikampigia mama. Akasema kwao hakuna upungufu wa watu wa kulenga, na kwamba wajomba zangu walikuwa wanapiga shabaha kabla huyo Mturuki hajashonewa mfuko. Kesho naenda Mutomo.

Bawaba bado.

Jumapili, 4 Agosti

Wote, Emali, Kibwezi. Pale Kibwezi, nikisubiri gari la Mutomo lijae, nikaingia hotelini kunywa chai. Kijana wa meza ya pili alikuwa na fainali ya upinde kwenye simu. Kim Woojin wa Korea Kusini na Brady Ellison wa Marekani wamefungana, kila mmoja amepewa mshale mmoja wa kuamua. Wote wawili wakapiga 10. Ikabidi mishale ipimwe: wa Kim ulikuwa milimita 55.8 kutoka katikati, wa Ellison 60.7. Tofauti ni milimita 4.9, na mahali pa kusimama ni mita 70. Nikachukua kalamu nione hiyo ni pembe gani.

Nilipoinua kichwa gari lilikuwa limeondoka na begi langu.

Begi lilifika Mutomo saa 2 kabla yangu. Mke wa mjomba alilipokea, akalipa maji ya kunawa kwa mzaha, kisha akaanza kuuliza watu kama kuna ajali kwenye mto Athi. Nilipofika nilikuta majirani 6 wamekaa kimya. Walionekana kuvunjika moyo kidogo.

Jumatatu, 5 Agosti

Somo la kwanza. Nilimwonyesha mjomba kitabu. Alikifungua ukurasa wenye mchoro wa mtu amelala kifudifudi na bunduki, akauliza kama huyo ni mgonjwa. Nikamweleza dakika ya pembe: kwamba ukikosea kwa dakika moja, kwenye mita 100 umekosea sentimita 2.9 hivi, na kosa linakua kadiri unavyokwenda mbali.

"Unapima shamba?" akauliza.

Nikamweleza habari za Paris. Akataka kujua Mkorea alisimama umbali gani. Mita 70. "Na mnyama anamngoja muda wote huo?" Nikasema si mnyama, ni duara la sentimita 122. Akauliza Mturuki naye. Mita 10.

"Huyo alijua," akasema mjomba. "Alikaribia."

Upinde ulibaki ukutani. Nilipewa mbuzi. Kazi: kumnyatia mbuzi anayekula mpaka umguse mkia kabla hajageuka. Nimejaribu mara 14. Waliogeuka ni 14. Mmoja alinisubiri.

Jioni mjomba alinieleza kwa nini. Mshale wa mwindaji wa Kikamba haukuua kwa nguvu, uliua kwa ivai, sumu ya mti wa msunguti. Kazi ya mshale ilikuwa kutoa damu kidogo tu, sumu imalize. Kwa hiyo ustadi haukuwa mkononi, ulikuwa miguuni: ufike hatua 20 au 30 bila upepo kukusema. Wenye pinde kubwa walikuwa Wawaata wa upande wa Tsavo, ambao pinde zao zilihitaji nguvu ya zaidi ya kilo 45 kuvuta, na hao walikuwa wanamtafuta ndovu. Babu yangu mzaa mama alikamatwa mwaka 1957, katika ile operesheni ya David Sheldrick na Bill Woodley dhidi ya wawindaji haramu, akakaa jela, akarudi na ufundi wa useremala. Mwaka 1977 serikali ikapiga marufuku uwindaji wote. Mjomba anasimulia haya bila kupandisha sauti wala kuishusha. Siku hizi analenga gunia.

Ivai yenyewe hana na hataki kuiona. Mti alinionyesha kwa kidevu, tukiwa mbali. Alisema kuna panya mkubwa mwenye manyoya marefu ambaye hutafuna gome lake na kujipaka ubavuni, mbwa akimuuma amekwisha. Hilo ni kweli, wanasayansi wameliandika. Mimi nikamjibu kwamba Mfaransa Arnaud aliitenga sumu hiyo mwaka 1888, na Wazungu wakaitumia kama dawa ya moyo. Mjomba akanitazama nikimeza kidonge changu cha presha, akasema nisisogee karibu na ule mti.

Jumanne, 6 Agosti

Kutengeneza mishale. Wano hupashwa moto, kisha hunyooshwa. Mahali penye kinundu, mjomba huuma na kukunja kidogo, kisha hufumba jicho moja na kuutazama mti wote toka ncha hadi ncha. Nami nikauma. Jino langu la mbele la juu, lililowekwa na daktari mwaka juzi, limebaki kwenye wano.

Mjomba alilitoa kwa kisu, akaangalia wano, akasema limenyooka.

Chembe ni misumari ya inchi 6 iliyofuliwa bapa. Nyoya ni la bata mzinga wa kanisa. Chini kidogo ya nyoya mjomba anachonga alama ya ukoo wake: mikato 3 midogo na mmoja wa mshazari. Zamani alama ndiyo iliyoamua nyama ni ya nani pale mnyama alipokutwa amelala na mshale mmoja au miwili. Mizinga ya nyuki nayo hutiwa alama. Nikasema siku hizi hakuna nyama ya kugombaniwa. Akaendelea kuchonga.

Jumatano, 7 Agosti

Upinde umeshuka ukutani. Upote wake ni ukano wa ng'ombe uliosokotwa, na ukiuachia vibaya unarudi kwenye mkono wa kushoto, ndani, kati ya kiganja na kiwiko. Nimeuachia vibaya mara 11. Mke wa mjomba amenifunga jani na shuka kuukuu. Kutoka mbali ninaonekana nimechanjwa.

Gunia liko hatua 30. Mishale 20: 0. Mmoja ulianguka miguuni pangu, nami nikaukwepa.

Usiku, mahali penye mtandao (juu ya jiwe, nyuma ya choo), nilimtafuta Israel Madaye wa Chad. Alipangwa na Kim Woojin kule Paris, akafungwa 6 kwa 0, na mshale wake mmoja ukapata alama 1. Watu dunia nzima walimcheka, halafu wakasoma kwamba alijifunza kwa kutazama video, wakaacha kucheka. Nililala nikiwa na nguvu. Moja si haba.

Alhamisi, 8 Agosti

Leo nitaandika kwa mpangilio.

Asubuhi palikuwa na upepo, huu wa Agosti unaobeba vumbi na magunia. Mjomba alikwenda sokoni Mutomo. Kabla ya kuondoka alisema nisiguse upinde, niendelee na mbuzi.

Saa 4 nilichukua upinde.

Kitabu kinasema mwalimu akiwa hayupo ndipo mwanafunzi hugundua mtindo wake. (Hakisemi hivyo. Nimekiangalia tena.) Nilivuta pumzi, nikatoa nusu, nikashikilia nusu, kama ukurasa wa 31 unavyoagiza. Nikainua upinde kidogo kufidia kuanguka kwa mshale, nikausogeza kushoto kufidia upepo. Kwa mara ya kwanza upote haukunigusa. Mshale ulitoka vizuri sana. Ulipita juu ya gunia, ukapita juu ya ua wa miiba, ukaonekana umepata njia yake maishani.

Kisha ukasikika.

Tangi la jirani ni jeusi, la plastiki, lita 2,300, na lilikuwa na maji ya mvua za Aprili. Nimepima baadaye: hatua 64 kutoka niliposimama. Mshale ulikuwa umeingia sawasawa, wima na ukuta, juu kidogo ya nusu, ukitoa tone moja moja kandokando ya wano. Kwa kuwa sikuwa nimewahi kupiga kitu chochote wiki nzima, nilitaka kuona umeingia kiasi gani. Niliuchomoa.

Hapo ndipo maji yalipotoka.

Yalitoka kwa mkunjo ambao nimeufundisha darasani kwa miaka 22, na ulikuwa mzuri kuliko ninavyouchora. Nikaweka kidole. Kidole kikawa kidogo. Nikaita. Walikuja watoto, kisha sufuria, kisha beseni, kisha mwenye tangi, mama mstahiki wa makamo ambaye alinitazama mimi, kidole changu na mshale, kwa mpangilio huo. "Mwaitu," nikasema, "samahani." Hakujibu. Aliuchukua ule mshale, akaugeuza, akasoma mikato mitatu na ule mmoja wa mshazari.

"Huu ni wa kwa mjomba wako," akasema.

Tundu liliziba kwa kipande cha sabuni ya mche. Nilijifunza kwamba maji hayaendelei kushuka chini ya tundu. Nilikuwa nalijua hilo, lakini kwa namna nyingine.

Ijumaa, 9 Agosti

Wazee 4, chini ya mwembe. Shtaka lilikuwa dhidi ya mjomba, kwa sababu ya alama. Nilisimama nikasema mimi ndiye niliyepiga, na mimi si wa ukoo huo, ni wa ukoo wa baba yangu, Makueni. Mzee mmoja akauliza kama ukoo wa baba yangu hauna mishale yake. Nikasema hatuna. Akaandika kitu.

Yaliyopotea ni lita 400. Nikaeleza kwamba kati ya hizo, lita 110 zilikingwa na sufuria, kwa hiyo deni ni 290. Mama akasema sufuria zilikuwa zake. Hukumu: lita 400, mbuzi mmoja kwa wazee, na nisikae na upinde mjomba akiwa sokoni.

Jioni mjomba alikaa kimya muda mrefu. Ili kumchangamsha nilimweleza habari za Krapf, yule mmisionari Mjerumani aliyeuona Mlima Kenya kutoka Kitui Desemba 1849. Aliporudi mwaka 1851 msafara wake ulivamiwa karibu na mto Tana, mwenyeji wake Kivoi akauawa, naye akakimbia peke yake porini. Alipofika mtoni alijaza maji kwenye mtutu wa bunduki yake, akauziba kwa nyasi na kitambaa, akaendelea kurudi.

Mjomba akafikiri.

"Kwa hiyo yeye bunduki yake ilibeba maji," akasema.

Nikaenda kulala.

Jumamosi, 10 Agosti

Mitungi 20 ya lita 20. Punda mmoja hubeba 4. Safari 5. Mwenye punda alinitoza bei ya kawaida, akaongeza ya kusimulia.

Mchana fundi aliweka parafujo na kipande cha tyubu ya baiskeli. Tangi halivuji.

Jumapili, 11 Agosti

Kanisani. Somo lilikuwa Yonathani akimpigia Daudi mishale ya ishara, ule unaopita mbele ya kijana. Mhubiri aliapa baadaye kwamba somo lilipangwa tangu Juni. Watu wa viti vya mbele waligeuka hata hivyo. Bata mzinga wa kanisa naye, nje, alikosa nyoya.

Jumatatu, 12 Agosti

Asubuhi nimegusa mkia wa mbuzi. Yule aliyenisubiri siku ya kwanza. Mjomba anasema hahesabiki, ni mzee, hasikii. Nimehesabu.

Baada ya hapo aliniweka hatua 12 kutoka kwenye gunia, ambalo amelihamisha ili nyuma yake kuwe na kichuguu na si mtu. Mishale 10, 7 imeingia. Nikaomba turudi nyuma hatua 30. Akauliza gunia limenikosea nini hadi nilikimbie.

Jumanne, 13 Agosti

Kurudi. Mjomba amenipa upinde wa mazoezi na mishale 6 ndani ya podo. Ndani ya gari kondakta aliuweka upinde wima, ukagonga paa. Akaulaza, ukafika kwa dereva. Mwishowe ukakaa kiti cha dirishani, na nikaulipia. Kwenye kizuizi cha Kibwezi askari aliuliza ni nini hicho. Nikasema ni upinde. Akauvuta kidogo, ukamrudi mkononi, akaturuhusu tupite.

Karibu na Emali ndipo nilipoitazama ile mishale. Haina mikato mitatu na ule wa mshazari. Ina duara dogo na mstari chini yake: alama ya ukoo wa baba yangu, ambayo mimi mwenyewe sikuijua na mjomba alikuwa amekwenda kuiulizia kwa wazee. Nikampigia kumshukuru. Akasema si kitu. Tangi lijalo liandikwe kwenu.

Jumatano, 14 Agosti, Wote

Nimetengeneza bawaba. Mke wangu ameutazama upinde, ameutazama mkono wangu, ameuliza lile jino liko wapi. Kisha akauliza gunia nitalitundika upande gani wa nyumba. Sijajibu vizuri. Ametoka nje, namsikia anahesabu hatua kutoka mlangoni hadi kwenye tangi letu.