Utukufu wa Bolti Iliyobaki

Kila injini inayofunguliwa nyumbani hurudi ikiwa nyepesi kidogo kuliko ilivyokuwa. Mwenye gari hufunga silinda hedi, akarudisha mabomba, akakaza kifuniko cha mwisho na kufuta mikono kwa fulana iliyochoka. Kisha, akiinua kipande cha boksi alichokuwa amelalia, anaiona: bolti moja, kichwa namba kumi, imetulia mchangani kama mgeni asiye na haraka ya kuaga. Waoga huilaani. Lakini bolti hiyo inastahili kusifiwa, na pamoja nayo usifiwe mkweche ulioitema, na mtu aliyethubutu kuufungua bila kumwita fundi.

Mkweche una nasaba. Mwezi Agosti 1888, Bertha Benz aliondoka Mannheim, Ujerumani, na wanawe wawili, akaenda kumtembelea mama yake huko Pforzheim kwa gari la magurudumu matatu lililobuniwa na mumewe, Carl. Ilikuwa safari ya kilomita 100 na ushei, na dunia nzima haikuwa na gereji hata moja. Bomba la mafuta lilipoziba, alilizibua kwa pini ya kofia. Waya ulipochubuka, aliukinga kwa mkanda wa soksi zake. Breki za mbao zilipolika, alimtafuta mshona viatu azipigilie ngozi. Mafuta aliyanunua duka la dawa mjini Wiesloch. Kwa hiyo ufundi wa kujitegemea haukuzaliwa na uchumi mgumu wala na ubahili. Ulizaliwa siku ileile gari lilipofanya safari yake ndefu ya kwanza, na aliyeuzaa alikuwa mama akiwapeleka watoto kwa bibi yao.

Mikweche ya Afrika Mashariki ina ukoo wa karibu zaidi. Japani, gari jipya hukaguliwa likitimiza miaka mitatu, halafu kila baada ya miwili, na ukaguzi huo si wa bei ya mchicha. Wengi huona afadhali waliuze gari lingali zima. Hapo linapanda meli kuja Mombasa na Dar es Salaam. Kenya hulikubali likiwa halijapita miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Uganda mwaka 2018 iliweka ukomo wa miaka 15. Tanzania hulipokea hata likiwa limezeeka, ila huliongezea kodi kwa uzee wake. Likishalipiwa huanza maisha mapya: mkononi mwa ofisa, kisha kwa mwalimu, kisha kwa dereva wa teksi. Likimfikia mnunuzi wa nne huwa limeona mengi, na kila lililoliona huwa limeacha mlio wake.

Mnunuzi huyo wa nne ndiye mteule. Na mtihani wa uteule wake ni gasketi ya silinda hedi.

Chukua Corolla 110 yenye injini ya 5A-FE. Bloku yake ni chuma cha kusubu, hedi yake ni aluminiamu. Ni ndoa ya watu wasiolingana hulka: joto likipanda, aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Kati yao amewekwa msuluhishi mwembamba, gasketi, mwenye kazi ya kuzuia maji yasikutane na oili, na moto usikutane na yoyote kati ya hayo. Siku rejeta inapovuja kwenye foleni ya Ubungo, Dar es Salaam, mshale wa joto ukapanda, na dereva akajiambia kwamba nyumbani si mbali, msuluhishi hujiuzulu. Asubuhi yake kijiti cha kupimia oili kinachomolewa kikiwa kimepakwa kitu cha rangi ya chai ya maziwa. Mkweche, kwa ukarimu wake, umempikia mwenyewe kifungua kinywa.

Fundi akitaja bei, mwenye gari hugundua papo hapo kwamba alizaliwa na kipaji cha umakenika.

Ndipo shule inapofunguliwa, na walimu wanakuja bila kuitwa. Boneti iliyo wazi Jumamosi asubuhi ni tangazo la mtaa mzima. Wa kwanza kufika ni jirani aliyevaa kikoi, mswaki ungali mdomoni: “Kaka, hiyo ni plagi tu.” Wa pili anaapa ni pampu ya mafuta. Halafu hufika mzee aliyeendesha lori la Bedford ujanani.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Mnachokonoa nini hapo? Bedford ilikuwa haina mambo haya.”

Akishasema hivyo huketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, na haondoki mpaka adhuhuri. Hakuna aliyewahi kukusanya watu namna hiyo kwa kununua gari jipya. Mwenye nalo huingia kimyakimya, vioo vimepandishwa, geti likafungwa.

Somo lenyewe ni la adabu. Hedi imeshikwa na bolti kumi. Kuzilegeza huanzia pembeni kuja katikati; kuzikaza huanzia katikati kwenda pembeni, kwa zamu, bila papara. Kitabu cha kiwanda kinataka kwanza newton-mita 29, kisha kila bolti izungushwe nyuzi 90, kisha 90 nyingine. Za upande wa moshi ni ndefu kuliko za upande wa hewa, na mtu aliyezitupa zote kwenye sufuria moja hulijua jambo hilo saa kumi na mbili jioni. Uso wa hedi unaruhusiwa kupinda kwa milimita 0.05 tu, unywele wa kichwani kwa kawaida ni mnene kuliko hapo. Ukizidi, hedi hupelekwa kusawazishwa kwa mashine. Mtu ambaye jana alikuwa anakadiria chumvi kwa kiganja leo anabishana na fundi mashine juu ya sehemu za mia za milimita. Chuo gani kimewahi kumbadilisha mwanafunzi haraka hivyo?

Ukija mkanda wa taimingi, somo huwa la unyenyekevu. Una alama zake, na meno yasipokutana na alama, injini haitazami umri wala cheo. Nyaya za plagi nazo zina mpangilio wake, moja, tatu, nne, mbili. Ukizichanganya, injini hupiga chafya badala ya kuwaka, na kadamnasi yote hupata la kuchekea. Hata hivyo mkweche huu una huruma. Katika 5A-FE, mkanda ukikatika barabarani, valvu hazigongani na pistoni. Gari huzima tu na kungoja aibu ya mwenyewe ipoe. Zipo injini nyingi za kisasa ambamo ajali hiyohiyo hupindisha valvu kwa sekunde moja. Nani basi mstaarabu?

Mkweche pia ni mgawa riziki. Mwenye gari huenda Gerezani, Kariakoo, akitafuta gasketi moja. Huko anaitwa “bosi”, jina ambalo kazini kwake hajawahi kuitwa, na anaulizwa anataka orijino, yuzidi au ya Kichina. Hapo ndipo hekima inapomjia vipande vipande. Kwa kuwa mkanda utatolewa, itakuwa dhambi kuurudisha wa zamani. Sili ya krankishafti imekaa nyuma yake palepale, nayo imeanza kulia machozi. Pampu ya maji haiko mbali. Na oili iliyogeuka chai haiwezi kurudishwa. Bandu bandu huisha gogo, na gogo hapa ni mshahara wa mwezi. Nairobi mambo ni hayohayo, isipokuwa mtaa unaitwa Kirinyaga. Jioni pesa za mtu mmoja zimelala kwa muuza spea, muuza oili, mwenye mashine ya kusawazisha hedi, dereva wa bodaboda na mama lishe. Wanauchumi wangeliita jambo hilo mzunguko wa fedha. Mke wa mwenye gari huliita kwa jina jingine.

Anayesema fundi wa kulipwa angefanya kazi nzuri zaidi asikilize kisa cha themostati. Kifaa hiki kidogo huzuia maji yasipite kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Cha Toyota nyingi hufunguka kwenye nyuzi 80 na kitu. Kwa miaka mingi mafundi wa chini ya mwembe wameking’oa na kukitupa, kwa hoja kwamba ni mambo ya nchi za baridi. Gari halifi. Linakwenda tu barabara kuu likiwa na injini isiyofikia joto lake, oili nzito na kiu ya petroli, huku rejeta ikinyweshwa maji ya bomba badala ya kulanti mpaka ndani kuote kutu ya rangi ya ugoro. Kutu huziba rejeta, rejeta ikiziba injini huchemka, na gasketi ndiyo inayolipa. Mwenye gari aliyefungua injini yake mwenyewe hukutana na nafasi tupu pale themostati ilipopaswa kuwa. Ni hapo anapofahamu kwamba ugonjwa aliokuwa akiutibu ulikuwa tiba ya mtu mwingine.

Wanaoona haya kushika spana wana mfano mkubwa wa kuwatoa haya. Mwaka 1965 Joginder Singh, Mkenya aliyekulia katika kazi ya gereji, aliingia mashindano ya Safari Rally na ndugu yake Jaswant kwa Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumikishwa kwenye mbio hizohizo mwaka uliotangulia. Lilikuwa gari la mitumba, kwa lugha ya leo. Kampuni kubwa zilileta magari mapya na misafara ya mafundi. Singh alishinda, akamwacha wa pili kwa zaidi ya saa moja, kisha akashinda tena mwaka 1974 na 1976, safari hizo kwa Mitsubishi Lancer. Dereva anayejua kilichomo ndani ya injini husikia inapoanza kunung’unika, akaiwahi kabla haijapiga kelele.

Ng’ambo nako wapo. Irv Gordon, mwalimu wa sayansi wa New York, alinunua Volvo 1800S mwaka 1966 akang’ang’ana nayo mpaka alipofariki mwaka 2018. Ilikuwa imevuka maili milioni tatu, sawa na kilomita milioni 4.8 na zaidi. Na Cuba, magari ya Kimarekani yaliyoingia kabla ya vikwazo vya Marekani vya mwanzoni mwa miaka ya 1960 bado yanabeba abiria Havana, mengine yakiwa na injini za dizeli zilizopachikwa na wenyewe. Vikwazo vilinuiwa kuwakomesha Wacuba. Vikawapa taifa zima la makenika.

Lakini yapo mawili ambayo hata mpenda mkweche hapaswi kuyafanyia mzaha. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, ila asiiname chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Jeki hushuka bila hodi, na tofali hupasuka bila onyo. Gari likae juu ya stendi za chuma, kwenye ardhi ngumu, magurudumu ya upande wa pili yakizuiwa. Na kifuniko cha rejeta kisiguswe injini ikiwa ya moto, maana maji yaliyobanwa mle ndani yana joto la kupita nyuzi 100 na yakipata mwanya hurukia usoni.

Baada ya hapo sifa ziendelee. Jumapili alasiri, mzee wa Bedford akiwa kwenye ndoo yake, ufunguo unazungushwa. Injini inakohoa, inakohoa tena, inawaka. Moshi mweupe unatoka dakika chache, maji yaliyobaki ndani yakigeuka mvuke, kisha unakatika. Kijiti cha oili kinachomolewa, kinafutwa, kinarudishwa, kinachomolewa tena. Oili ni oili, si chai. Jirani wa plagi anatangaza kwamba alisema tangu mwanzo.

Bolti iliyobaki inatiwa kwenye kopo la Blue Band, pamoja na nati, wosha na skrubu za miaka mingine. Wiki moja baadaye inajulikana ilikotoka: ilishikilia bati la kukinga joto juu ya bomba la moshi. Bati hilo sasa hutetemeka kila gari linapopunguza mwendo kuingia mtaani, na watoto wakisikia mlio huo hukimbia kufungua geti kabla honi haijapigwa. Mwenye gari amesema atairudisha bolti hiyo Jumamosi.