Yah: Ombi la Kuingiza Godoro Kwenye Hesabu

Mkurugenzi wa Majitaka,
Ofisi ambayo jina lake nalisitiri.

Mheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza pokea pongezi. Ile modeli ya kompyuta mliyotuonyesha ukumbini inapendeza mno. Mvua ilinyesha ukutani, chemba zikawaka kijani, maji yakateremka hadi mabwawani bila kumgusa mtu. Sisi wa bondeni tulipiga makofi, suruali tumezikunja hadi magotini.

Nilimuuliza mtaalamu wenu, bomba la mtaani kwetu kompyuta imeambiwa likoje? Akanijibu kwa upole: zege laini, 0.013. Ndiyo namba ya ukwaruzo katika kanuni ya Manning, mhandisi wa Ireland wa karne ya 19, na kwa bomba safi haina kosa. Ikipanda mara mbili, maji yanayopita hupungua kwa nusu. Sasa bomba letu lina mchanga, pampasi, viroba na, tangu masika yaliyopita, godoro la sponji, nne kwa sita, la maua. Linaonekana vizuri kabisa, maana mfuniko wa chemba ulishauzwa chuma chakavu. Godoro mtalipa namba gani?

Tena mvua ikianza, majirani zangu hutapisha vyoo. Sidhani kama kompyuta imeambiwa.

Nasikia mnataka pia mitambo ya kujiendesha kama ya South Bend, Marekani. Kule zaidi ya vihisi 100 hupima kina cha maji. Bomba likielemewa, vali huyapeleka kwenye lenye nafasi. Hongereni kwa ndoto. Kwetu udhibiti upo tayari: kijana mmoja, mwanzi na mtaimbo, shilingi mia tano kila nyumba. Taarifa zake hufika papo hapo, hasa akichelewa kuruka pembeni.

Fedha za modeli haziwezi kuwa zimeishia kwenye programu, kwani programu ya SWMM ya Marekani ipo tangu 1971 na hutolewa bure. Kinachogharimu ni kuilinganisha na mvua halisi. Karibuni basi: ukuta wa duka la Mangi una mistari ya maji ya kila masika. Njooni na futi kamba. Na buti, za kijana zimetoboka.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa Bondeni

Nakala: Wanunuzi wa vyuma chakavu, kwa taarifa.