Siku ya Tatu Mpe Kipimo cha Presha

Sista, umepewa mwanafunzi wa uuguzi kutoka Norway, akae nawe wodini wiki kadhaa. Usimwogope. Kanuni za Ulaya zinamtaka atimize angalau saa 4,600 za mafunzo, nusu yake kwa vitendo, na sehemu ya saa hizo kakuletea wewe.

Kwanza mfundishe kusalimia. Asiguse mkono wa bibi wa kitanda cha dirishani kabla hajasema "Shikamoo, bibi", akaitikiwa, akauliza habari za usiku, za wajukuu, na za ng'ombe kama bibi anao. Ataangalia saa. Mwache aangalie. Bibi aliyesalimiwa vizuri atasema mwenyewe kwamba vidonge vya presha vilimwishia juma lililopita na hela ya vingine hana. Asiyesalimiwa atajibu "nzuri tu", nanyi mtabaki mnahangaika na chati.

Mgeni siku mbili. Siku ya tatu mpe kipimo cha presha. Vitanda atandike, joto apime, chati ajaze, hata akitoka jasho. Ila asichoruhusiwa kukifanya kwao, asikifanye kwako. Akitaka kuzalisha peke yake eti kwa kuwa huku mko wachache, msimamishe mlangoni. Uchache wetu si ruhusa ya kujifunzia mwilini mwa mama wa watu. Na simu ikae mfukoni: mtoto mwenye dripu hawezi kukataa kupigwa picha.

Atamkuta dada wa mgonjwa kalala mkekani, chupa ya uji pembeni, na atataka kumtoa. Mzuie. Dada ndiye anayejua mgonjwa kala nini na kalalamika wapi usiku, mtume akamuulize.

Zaidi ya yote, mpeleke chumba cha njiti. Hapo atamwona mama na mtoto wake wa kilo moja na nusu kifuani, ngozi kwa ngozi, wamefungwa kanga. Njia hii ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, hospitali ilipozidiwa na njiti huku mashine za joto hazitoshi, na leo hata wodi za kwao zinaitumia. Mkalishe hapo zamu nzima. Ajifunze kufunga: miguu imekunjwa kama ya chura, kichwa kimegeukia upande, pua iko wazi. Akikosea, mama mwenyewe amrekebishe. Mama akiridhika, msainie kitabu chake.