Pisha, Mzigo Huo!

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii nimeifundisha darasani miaka kumi na tisa, na kila mwaka nawaambia wanafunzi maana yake ni hii: mgeni akija huchinjwa kuku, na mwenyeji naye akapata japo shingo. Maana yake ya pili nilikuja kuijua mwaka jana, Kariakoo, nikiwa na kapeti begani.

Tulitoka Tabora, mimi na mama watoto, kuja kwenye harusi ya mpwa wake Kimara. Harusi ilikuwa Jumamosi, sisi tukafika Jumatano, na Alhamisi hatuna kazi zaidi ya kukaa sebuleni tukiulizwa kama tumekula. Nikampigia rafiki yangu tuliyesoma pamoja, ambaye amekaa Dar miaka ishirini na ushee. Akafurahi mpaka simu ikakwaruza. "Mwalimu! Kesho nawatembeza mji mzima. Nyie njooni na miguu tu." Alitaja miguu. Mikono hakuitaja, na laiti ningekuwa mtu makini ningemuuliza.

Asubuhi tukaenda kituoni kupanda mwendokasi. Mabasi haya yalipoanza kazi Mei 2016, sisi wa mikoani tuliyaona kwenye taarifa ya habari yakiteleza kwenye njia yake, abiria wametulia kama wako kanisani. Ambacho hatukuonyeshwa ni mlango. Mlango wa mwendokasi saa moja asubuhi mtu haingii, anaingizwa. Mama watoto alibebwa na umati, miguu haigusi chini, mlango ukafungwa, nikabaki nje nimeshika mkoba wake, na ndani ya mkoba ndimo ilimokuwa simu yake. Basi lililofuata nikalirukia bila kusoma kibao. Lake lilikuwa la Kivukoni, langu la Gerezani. Njia hizi mbili huongozana vizuri tu mpaka Fire, halafu huachana kama ndugu waliogombea shamba la urithi.

Simu yangu ikaita, namba ngeni. Alikuwa yeye, ameazima kwa abiria mwenzake.

"Baba, uko wapi?"

"Niko Gerezani."

Kimya. Kisha kwa sauti ya chini: "Umefanya nini?"

Nikamweleza kwamba Gerezani ni mtaa, ni kituo cha basi, watu wanaingia na kutoka kwa hiari yao. Hakuamini hadi aliponiona Posta kwa macho yake, na hata hapo alinikagua mikono kama inaweza kuwa na alama za pingu.

Miadi ilikuwa saa tatu, chini ya sanamu ya Askari. Saa tatu na robo nikampigia mwenyeji wetu. "Nipo hapa hapa Posta, nawaona kabisa," akasema, na nyuma yake jogoo akawika. Jogoo Posta! Nikajua mtu bado yuko Mbagala, tena pengine anatafuta soksi.

Mwalimu wa historia ukimwacha peke yake na mke wake mbele ya sanamu, atafundisha. Nikamwambia mama watoto kwamba pale kwanza palisimama sanamu ya Mjerumani, Wissmann. Waingereza walipouchukua mji Septemba 1916, Mjerumani akashushwa. Huyu Askari wa shaba akapandishwa 1927, singe yake imeelekea bandarini. Nikamsomea maandishi yake, kwamba sanamu ile si ya askari peke yao. Inawakumbuka pia wapagazi, watu waliobeba vyakula, risasi na mizinga ya wakubwa porini, ambao maandishi yanawaita miguu na mikono ya jeshi.

"Mbona hao wapagazi siwaoni?" akauliza.

Swali zuri. Nairobi, kwenye sanamu ya ukumbusho wa vita hiyohiyo, mpagazi amesimama na wenzake. Hapa kwetu yupo kwenye maandishi tu. Askari yuko juu peke yake.

Mwenyeji wetu akafika saa nne na nusu, ananukia sabuni, anailaumu foleni. Papo hapo akaanza kazi. "Shemeji, huyu unayemwona hapa ni shujaa wa Maji Maji."

Nikamwambia si wa Maji Maji, ni wa Vita Kuu ya Kwanza, imeandikwa hapo chini.

"Mwalimu, mimi napita hapa kila siku, nitashindwa kumjua?"

Kupita na kusoma ni vitu viwili, lakini nikanyamaza, kwa kuwa mgeni hamsahihishi mwenyeji kabla ya chakula cha mchana.

Akatupeleka pwani, tukaliona Kanisa la Azania Front na lile la Mtakatifu Yosefu ambalo Wajerumani walilijenga kati ya 1897 na 1902. Kisha Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert. Hapo niligundua jambo. Mwenyeji wetu alikuwa anashangaa kuliko sisi. Alikuwa anagusa vioo, anauliza bei ya kiingilio kama mtu aliyeshuka basi jana. Miaka ishirini na ushee Dar, na Makumbusho ndiyo kwanza anaingia! Tulipofika kwa Zinjanthropus, yule aliyefukuliwa Olduvai na Mary Leakey tarehe 17 Julai 1959, mwenye umri wa miaka kama milioni 1.75, aliinama, akayatazama yale magego makubwa, akasema kwa heshima, "Huyu muwa alikuwa haombi kisu." Katika maelezo yote ya siku ile, hilo ndilo pekee ambalo sikulisahihisha.

Kutoka hapo tukashika njia ya Kariakoo kwa miguu, kama alivyoahidi. Mnazi Mmoja mama watoto akaangaza huku na huku. "Shemeji, mnazi wenyewe uko wapi?" Mwenyeji akauonyesha mnara wa Mwenge wa Uhuru, uso mkavu, bila aibu. "Ule pale. Ulikua mpaka ukawa vile."

Balaa la kwanza la Kariakoo lilikuwa shati langu. Lilikuwa la kijani, kola ya njano, sare iliyobaki ya harusi nyingine kule Tabora. Mimi mpira nausikiliza kwenye redio ya jirani tu. Sikufikiria kwamba ninaingia Mtaa wa Msimbazi, penye makao ya Simba, nikiwa nimevaa rangi za Yanga kuanzia shingoni hadi kiunoni. Klabu hizi, Yanga ya 1935 na Simba ya 1936, zimekaa jirani karibu karne nzima bila kuombana chumvi. "Utopolo huyo kapotea!" akapaza sauti kijana mmoja mwenye guta, kwa jina la kejeli wanalobandikwa Yanga. Wenzake wakaitikia. Mzee wa kahawa akaacha kumimina ili anitazame vizuri. Nikageuka kumtafuta mwenyeji wangu anitetee, nikamwona yuko hatua kumi mbele anatazama dirisha la duka la vipuri kama vile hatujawahi kuonana. Kumbe ni Simba damu.

"Twende ukanunue shati," akanong'ona aliporudi. "Kuna duka la kijana wangu hapa." Nikanunua shati jeupe, lisilo na chama. Niliona mwenyeji na yule kijana wakiagana kwa kushikana mikono, na mikono ile ilichukua muda mrefu kidogo kuachiana. Nikadhani ni upendo.

Mama watoto naye akasema maneno ambayo kila mume anayajua: "Mimi naangalia tu."

Kama hujafika Mtaa wa Kongo mchana, sijui nikueleze vipi. Spika zinakokoteza bei, mikokoteni inakata kona, mtu amebeba manekwini watatu uchi anaomba njia. Na kila hatua mbili yupo winga. Winga hana duka. Ana mdomo, na anajua nani anauza nini. Hukukamata njiani, akakupeleka kwa mwenye mali, na katika bei utakayolipa kuna cha juu chake. Mwenyeji wetu aliwafukuza wote. "Hawa nina mimi," aliwaambia, na ajabu ni kwamba walimtii.

Kwenye duka la vitenge mwuzaji akataja elfu ishirini na tano, "bei ya kufungulia duka, mama." Ilikuwa saa saba mchana. Mama watoto akasema kumi. Mwuzaji akashika kifua. Mama watoto akaangalia pembeni, akaanza kukunja uso kwa ufundi ambao nimeishi nao miaka kumi na saba. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri. Kumi na nane, akaita mwuzaji. Hapo ndipo mimi, mtu mkweli, nikasema, "Kwa kitambaa kizuri kama hiki, kwa kweli si ghali."

Nilifinywa mbavuni papo hapo. Bei ikagoma kwenye kumi na nane, na kuanzia dakika ile nikavuliwa madaraka yote ya kusema. Nikapewa ya kubeba.

Nilianza na kitenge kimoja kwenye mfuko. Mtaa wa Mchikichi zikaongezeka sufuria, zile zinazoingiana, saba. Aggrey yakaja mapazia. Narung'ombe likaja beseni, na kila kilichofuata kikatiwa ndani ya beseni. Mwisho likaja kapeti, limeviringishwa, refu kuliko mimi, likakaa begani. Nikigeuka kulia, watu watatu wanainama kushoto. Tulipolipita jengo la Soko Kuu, lile lenye paa la miamvuli ya zege alilolisanifu Beda Amuli na kufunguliwa 1975, lililoungua Julai 2021, nilitaka kusimama nilisomee darasa. Lakini mtu mwenye kapeti hasimami Kariakoo. Anasukumwa.

Kwenye duka la kapeti ndipo siri ilipotoka. Kijana wa dukani, mchangamfu, hakujua kwamba mama watoto ana masikio. "Winga wangu!" akamwambia mwenyeji wetu. "Leo umeleta jembe!"

Mama watoto akageuka taratibu. "Shemeji," akasema kwa upole wa kutisha, "cha juu chako tangu asubuhi kimefika ngapi?"

Mwenyeji akacheka kicheko cha mtu anayetafuta mlango. "Shemeji, mjini hapa kila mtu ana kazi mbili." Mgeni njoo, mwenyeji apone: alikuwa amepona kwenye shati, akapona kwenye kitenge, na sufuria saba zilimponya mara saba. Hukumu ilitolewa palepale: chakula cha mchana ni juu yake. Alitulisha wali kwa samaki wa nazi, na mama watoto akaongeza samaki wa pili kwa kusudi.

Saa kumi akatuaga, ana miadi. Tukaanza safari ya Gerezani, yeye mbele na mkoba wake, mimi nyuma na nyumba nzima. Nilikuwa nimeegemea ukuta nivute pumzi wakati mama mmoja mtu mzima aliponigusa begani.

"Mwanangu, robota hili mpaka mwendokasi shilingi ngapi?"

Niliangalia nyuma nione anasema na nani. Alikuwa anasema na mimi. Nilifungua mdomo nimwambie kwamba mimi ni mwalimu, nina shahada. Kilichotoka ni, "Elfu mbili, mama."

Kabla sijainama, wabeba mizigo kadhaa wakafika, wamevua mashati, wamekasirika. Huyu ni nani? Amekuja lini? Nani kampa eneo? Mmoja akaniuliza nimetokea wapi.

"Tabora."

Uso ukamfunguka. "Mnyamwezi?" Akawageukia wenzake. "Mwacheni, huyu mtani wangu. Mimi Mzaramo. Babu zake walibeba pembe kutoka bara mpaka hapa, babu zangu wakawatoza ushuru njiani. Kazi hii kaikuta kwao!" Wakacheka, wakanisaidia kuliweka robota kichwani, na mmoja akanifundisha neno la kusema. "Usiombe samahani, hutafika. Sema: pisha, mzigo huo!"

"Pisha, mzigo huo!" nikaita, na Mtaa wa Msimbazi ukafunguka. Hata wale waliokuwa wameniita Utopolo asubuhi walijibanza ukutani.

Nikiwa chini ya mzigo ndipo lile somo la asubuhi lilipokamilika. Waingereza walipouchukua mji huu, hapa ndipo walipowaweka wapagazi wao, kikosi cha Carrier Corps. Midomo ya wenyeji ikalitafuna jina likawa Kariakoo. Nairobi wakalitafuna kivyao likawa Kariokor. Makumi elfu ya wapagazi walikufa katika vita ile Afrika Mashariki, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Mwenye bunduki alipewa shaba na njia panda nzuri ya Posta. Mwenye mzigo alipewa soko, na mpaka leo yumo humo, anakimbia kifua wazi na beseni, robota na jokofu la mtu mwingine.

Pale kituoni yule mama akanihesabia elfu mbili, akaniombea dua. Mama watoto alitazama yote bila neno. Kisha akanyoosha mkono, akachukua zile fedha, akazilipia nauli yetu wawili. Katika watu watatu tuliozunguka mji siku ile, mmoja alitumia, mmoja alipata cha juu, na mimi peke yangu ndiye niliyekula jasho langu.

Ukifika Dar, Askari utamkuta palepale, hana haraka, mpige picha utakavyo. Mpagazi utamkuta Kariakoo, nyuma yako, na hana muda wa picha. Akikwambia pisha, ndugu yangu, pisha.