Sifa za Namba ya Toleo

Namba ya toleo ni mfuatano wa tarakimu zilizotenganishwa kwa nukta, ambao waandishi wa programu huupandisha kila wanapotoa kazi mpya. Hukaa kwa herufi ndogo chini ya jina la programu, na hakuna anayeisoma mpaka kitu kiharibike. Dharau hiyo si haki. Vitu vichache sana vimewahi kuvaa sura ya hesabu bila kutii sheria hata moja ya hesabu, na vikaendelea kuaminiwa.

Wanaojifunza kuandika programu hukutana nayo kama fumbo jepesi: wapewe toleo, watoe linalofuata. 1.2.3 huzaa 1.2.4, 1.2.9 huzaa 1.3.0, 9.9 huzaa 10.0, kwa kuwa ni sehemu ya kwanza tu inayoruhusiwa kuvuka 9. Hesabu ya shule ya msingi: andika sifuri, beba moja. Mwerevu hutafuta mkato. Huziondoa nukta, 1.2.9 ikawa 129, huongeza moja, kisha huzirudisha nukta kuanzia kulia. Jibu ni sahihi, naye hutembea kifua mbele hadi fumbo limletee 0.0.1. Nukta zikitoka, sifuri mbili za mbele nazo hutoka. Hubaki 1, huwa 2, na nukta mbili hazina pa kutua. Sifuri ya mbele, ambayo darasani husemwa haina thamani, imelipiza kisasi.

Ukarimu wa kweli wa fumbo hili, hata hivyo, ni kwamba linafundisha kanuni ambayo kazini haifuatwi. Utaratibu ulioenea zaidi, ulioandikwa na Tom Preston-Werner, mmoja wa waanzilishi wa GitHub, jukwaa la kuhifadhi programu mtandaoni, una sehemu tatu. Ya kwanza hupanda mabadiliko yanapovunja kazi zilizotegemea toleo la zamani, ya pili panapoongezwa jambo bila kuvunja kitu, ya tatu hitilafu zinaporekebishwa. Sehemu ikipanda, zilizo kulia kwake hurudi sifuri, lakini hakuna kubeba moja: baada ya 1.9.0 huweza kuja 1.10.0, hata 1.47.0. Mkato wa yule mwerevu ukipewa 1.10.0 hutoa 11.0.1. Matoleo makuu kumi yamerukwa kwa kufumba na kufumbua, bila mtu kuandika mstari mmoja wa kazi. Wasimamizi wengi wa miradi wangeuomba mkato huo.

Hapo ndipo kipaji cha namba ya toleo kinapoonekana. Kihesabu, 1.10 ni ndogo kuliko 1.9. Kwa mpangilio wa herufi pia hutangulia, maana 1 huja kabla ya 9. Kwa matoleo ni kubwa. Lugha ya programu ya Python ilipofika 3.10 mwezi Oktoba 2021, programu zilizozoea kukata herufi tatu za mwanzo zilisoma 3.1, toleo la mwaka 2009. Faili za mipangilio za YAML nazo, 3.10 ikiandikwa bila alama za kunukuu, huihesabu kuwa desimali na kuifuta sifuri ya mwisho kwa adabu zote. Kivinjari cha Opera kilikuwa kimeonja hayo mwaka 2009: tovuti nyingi zilisoma tarakimu ya kwanza tu, hivyo toleo la 10 lingeonekana la 1. Waliokitengeneza waliona ni nafuu kijitambulishe kama 9.80, namba halisi ikisogezwa mwishoni mwa utambulisho. Ni adimu kifaa kulazimika kudanganya umri ili kiruhusiwe kuingia.

Donald Knuth alijiepusha na kubeba moja kwa njia ya pekee. Kila toleo jipya la TeX, programu yake ya kupanga maandishi, huongeza tarakimu moja ya pai; mwaka 2021 ilifika 3.141592653. Namba hupanda daima na haifiki 4. Mpango ni mzuri kwa anayetarajia kukosea mara chache, kwa hiyo haujapata wafuasi wengi.

Ubuntu, mfumo endeshi wa kompyuta, ilichagua kalenda: mwaka, kisha mwezi. 4.10 ni Oktoba 2004, na lililopangwa kuwa 6.04 lilipochelewa hadi Juni 2006 likaitwa 6.06, uchelewaji ukiwa umechapwa kwenye jina. Sifuri ya mbele imerudi kazini hapa: 06 husimama kabla ya 10 kwa hesabu na kwa herufi, na kwa miaka michache amani ilikuwapo. Kisha Aprili 2010 likaja 10.04, na popote orodha ilipopangwa kwa herufi lilikaa mbele ya 9.10 lililotoka miezi sita kabla yake.